Barua kwa mwanangu: kuhusu wayaringi ya Landrova ya babu yako

Mwanangu mpendwa,

Habari za Kampala. Sisi huku Arua tuko salama, mama yako mguu umepona na mvua imeanza. Ile picha ya seti ya wayaringi, yaani waya zote za umeme wa gari, uliyonitumia kwa WhatsApp nimeiangalia sana, nimeivuta karibu mpaka chaji ya simu ikaisha, sasa nakuomba kabla hujalipa chochote unisikilize kidogo, maana hiyo gari ilibeba tumbaku ya babu yako na mimi ndiyo nimekuwa naifunga waya miaka yote.

Hiyo seti ya Painless kutoka Marekani ni nzuri, sibishi. Ganda la waya linavumilia joto, kila waya imechapwa jina la kazi yake, fyuzi zake ni za kisasa. Lakini rangi zake ni za GM, magari ya Marekani, na wewe una Series III, gari ya Muingereza. Kwa Landrova kahawia ni umeme wa betri moja kwa moja, nyeupe inatoka kwa switchi ya ufunguo, kijani imeshapita kwa fyuzi, bluu taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi athi, ile inayorudisha umeme kwa bodi. Mafundi wazee hizo rangi wanazo kichwani, hawafungui kitabu. Sasa gari ikuzimikie usiku Pakwach, fundi ameshika tochi kwa meno, afungue akute rangi ambazo hajawahi kuziona kwa Landrova, ataanza wapi?

Tafuta fungu la waya lililotengenezwa kwa gari hiyo yenyewe. Autosparks kule Uingereza wanayatengeneza kwa kufuata la kiwandani, urefu sawa, rangi sawa. Ila uwaambie vizuri: usukani kulia, shasi ndefu ya inchi 109, injini ya dizeli. Dizeli haina waya ya koili, ile ya cheche za petroli, ina ya plagi za kupasha moto, ukiletewa ya petroli umepoteza pesa na ushuru umelipa.

Halafu raba za matundu, zile za kukinga waya zinapopita kwenye bati, mwanangu. Hapo nasisitiza sana. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, tunatoka Kampala, tumeshapita Karuma, nikasikia harufu ya plastiki, kuangalia chini ya dashibodi moshi unatoka. Raba ya lile tundu la ukuta wa injini ilikuwa imedondoka zamani na hakuna aliyeirudisha, bati likawa linakula ganda la ile waya ya kahawia kidogo kidogo kila tukipita barabara mbaya, mpaka shaba ikagusa bodi. Na hiyo waya haina fyuzi! Mama yako aliruka na wewe, mimi nikang'oa kichwa cha betri kwa mkono, lile kovu la kidole gumba ndiyo la siku hiyo. Kwa hiyo seti ikija bila raba, nunua raba kwanza, ndiyo upitishe waya.

Hata ukipata fungu la kiwandani kabisa, ongeza relei za taa, yaani switchi za umeme zinazobeba mzigo badala ya switchi ya mkono. Series III ina fyuzi nne tu na taa kubwa hazimo. Balbu mbili za H4 wati 60 ni wati 120, hiyo kwa volti 12 ni ampea 10 zinapita ndani ya kaswitchi ka usukani kalikozeeka. Weka relei mbili na fyuzi zake. Tena altaneta (mashine ya kuchaji betri) ya zamani ya Lucas, ile 16ACR, ilikuwa ampea 34, na wewe umefunga ya Toyota yenye nguvu zaidi, basi waya ya kwenda betri lazima iwe nene kuliko ya mwanzo.

Waya za kuongezea ukinunua Kisekka, soko la spea hapo Kampala, nenda na wembe. Kwangua nyuzi, ukiona ndani ni nyeupe kote hiyo ni alumini imepakwa shaba, rudisha hapo hapo, inapata joto haraka na kwenye maungio inaoza.

Fungu la zamani usilikate kwa haraka. Livue zima, kila kichwa cha waya ukifungie kakaratasi kenye jina, upige picha, maana kuna waya za taa ya trela babu yako aliongeza mwenyewe na hazimo kwenye kitabu chochote. Jumamosi napanda basi la usiku, nakuja na plaizi yangu ya kubana vichwa. Dashibodi ungoje tufungue wote.

Baba yako