Kabla ya kumpa dawa ya rovu, muulizeni kama anataka mtoto

Mhariri naomba nafasi. Wifi yangu alikuwa na rovu, moyo unamwenda mbio usiku kucha, mikono inatetemeka hadi chai inamwagika, akaanzishiwa kabimazoli, dawa ya kutuliza tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, na kwa kweli ilimsaidia. Ile bahasha ya dawa anayo mpaka leo, imeandikwa 1x2 basi, hakuna aliyemuuliza kama ana mpango wa kubeba mimba. Mtoto kazaliwa, utosini kuna sehemu kama sarafu ya mia haina ngozi kabisa, nyekundu inang'aa, wengine wakadhani kaumizwa wakati wa kujifungua na majirani nao wakaanza yao, mara karogwa, mara mama alijaribu kuitoa mimba, wifi aliumia sana jamani, mpaka daktari wa watoto alipouliza ulikuwa unatumia dawa gani ndo tukaambiwa dawa hii inahusishwa na kasoro kama hiyo.

Na si hiyo tu. Pua inaweza kuziba kwa nyuma mtoto ashindwe kupumua, njia ya chakula isifike tumboni, au utumbo utokeze kitovuni. Wengi wanazaliwa salama, ila hatari kubwa ni wiki ya 6 hadi ya 10, sasa nani kwetu anaanza kliniki wiki ya 6? Unachukua kadi mimba ina miezi minne, mitano, viungo vishaumbika zamani. Ndo maana nasema aulizwe siku ileile anayopewa dawa, kliniki ni kuchelewa.

Dada zangu msiache dawa wenyewe, tezi isipotulizwa mimba inaweza kutoka au presha ikapanda. Muone daktari mapema, ikiwezekana kabla ya mimba, kuna PTU, dawa nyingine ya kutuliza tezi, ambayo ndo hupendekezwa miezi mitatu ya kwanza, nayo inaweza kuumiza ini kwa hiyo inataka usimamizi. Na wanaomeza levothairoksini kwa tezi iliyolegea hiyo ni dawa nyingine, msiiache.

Uingereza tangu 2019 walishaagiza mwanamke anayeweza kushika mimba atumie uzazi wa mpango akiwa kwenye kabimazoli. Wenye famasi nawaomba muandike tu kwenye bahasha, ukihisi mimba rudi haraka, kalamu mnayo mkononi.

Mtoto wetu kidonda kilipona, ana miaka 2. Pale utosini nywele hazioti, mama yake akimchana anazilaza za pembeni zipafunike.

Msomaji wenu, Morogoro