Malalamiko kuhusu Vichwa vya Risasi vya Greini 80: Toleo Moja, Kalibu Mbili

Kikundi cha Wanunuzi wa Pamoja,
Walenga Shabaha wa Bunduki za Masafa,
Ohio, Marekani.

Kwa Meneja wa Ubora,
Kiwanda cha Vichwa vya Risasi vya Mashindano.

Ndugu Meneja,

YAH: VICHWA VYA KIPENYO CHA INCHI 0.224, GREINI 80, VILIVYOCHANGANYWA NDANI YA TOLEO MOJA

Tunaandika kwa niaba ya wanachama wanaojijazia risasi zao, yaani wanaounganisha wenyewe ganda, fataki ya kuwasha, baruti na kichwa, kwa ajili ya mashindano ya bunduki ya yadi 200, 300 na 600. Tulinunua kwenu aina mbili za vichwa: vya greini 77 na vya greini 80 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa). Vya greini 77 havina tatizo, na tutaendelea kuvinunua. Malalamiko yetu ni juu ya vile vya greini 80, na pia juu ya majibu tuliyopewa na idara yenu ya huduma kwa wateja. Nakala ya Kiingereza ya barua hii imeambatishwa.

Tulichagua bidhaa yenu kwa sababu ya bei, na hatuoni haya kusema hivyo. Shindano kamili lina risasi 80: 20 za kusimama yadi 200, 20 za haraka kwa kuketi yadi 200, 20 za haraka kwa kulala yadi 300, na 20 za polepole kwa kulala yadi 600. Mlengaji anayefanya mazoezi kwa bidii anamaliza maelfu ya vichwa kwa msimu, na anayelipa zaidi ya anavyohitaji mwisho wake anapunguza mazoezi. Kichwa cha bei nafuu kilichotengenezwa kwa usawa kinamfaa kuliko cha bei ghali anachokiogopa kukitumia. Yadi 200, duara la alama kumi kwenye shabaha lina upana wa inchi 7, na kwa mkono wa kusimama hata kichwa kifupi cha greini 52 au 53 chenye kitako bapa kinatosha kabisa. Kitako bapa ni rahisi kukitengeneza kikanyooka, ndiyo maana vichwa hivyo mara nyingi hulenga vizuri kuliko bei yao.

Yadi 600 mambo ni mengine. Duara la kumi lina inchi 12 na la X, lile dogo la katikati, lina inchi 6, yaani takriban dakika mbili na dakika moja ya pembe (dakika ni sehemu ya sitini ya digrii). Humo ndani lazima uingize makosa ya mlengaji, makosa ya kusoma upepo, na makosa ya risasi yenyewe. Risasi ikishakula dakika nzima peke yake, upepo hauachiwi nafasi. Kwa hiyo mlengaji anayebana matumizi hutafuta nafuu kwenye zile risasi 60 za mwanzo, na kwa zile 20 za mwisho hununua kichwa anachokiamini. Ninyi mliuza cha greini 80 kwa ajili ya hizo 20.

Sasa tuseme tulichokipata. Kutoka masanduku matatu yenye namba moja ya toleo, yaani ya mkupuo mmoja wa uzalishaji, tulichukua vichwa 100 kila sanduku, tukapima urefu kutoka kitako hadi kwenye mbinuko wa pua, pale kichwa kinapofikia kipenyo cha kugusa mifuo ya mtutu (michirizi ya ndani inayozungusha kichwa). Tulitumia kalipa ya dijitali yenye kifaa cha kulinganishia, tukairudisha kwenye sifuri kila baada ya vichwa kumi, na kila kichwa kikashikwa wima kwa mgandamizo mwepesi, kwa sababu ukikikaza kidogo tu kinaegemea upande na kusoma urefu wa uongo. Hatutoi urefu wenyewe hapa, maana kila kifaa cha kulinganishia hugusa pua mahali pake na namba ya benchi moja haifanani na ya benchi jingine. Kinachohamishika ni tofauti, na tofauti ndiyo hii: vichwa vilijigawa makundi mawili. Ndani ya kila kundi vilitofautiana kwa inchi 0.003 tu, kazi nzuri kwa bei yenu. Lakini kutoka katikati ya kundi moja hadi katikati ya jingine kuna inchi 0.014, na kati yao hakuna kitu. Kundi fupi ni kama asilimia 60, refu asilimia 40, yamechanganyika ndani ya kila sanduku.

Mashine iliyochakaa au iliyolegea ingetoa vipimo vilivyotawanyika kote. Vipimo vyetu vina vilele viwili na pengo katikati, na hiyo ni alama ya kalibu mbili tofauti (vyombo vinavyokikandamiza kichwa kipate umbo), kila moja ikifanya kazi yake sawasawa, kisha mazao yake yakamwagwa kwenye pipa moja na kupigwa namba moja. Kosa halikufanyika kwenye kukandamiza shaba. Lilifanyika mahali pa kufungashia.

Idara yenu ilijibu kwamba tofauti hiyo iko ndani ya viwango, na kwamba tupange vichwa kwa uzito. Ushauri huo hausaidii, na sababu yake ni rahisi kuionyesha. Vichwa vyote tulivyopima vilitofautiana kwa greini 0.4 tu, yaani nusu ya asilimia moja ya greini 80, na makundi yote mawili yana uzito uleule. Mizani haiwezi kuyatenganisha. Kipenyo nacho ni kizuri, inchi 0.2239 hadi 0.2240 kwa maikromita. Hata kama uzito ungetofautiana hivyo kati ya risasi na risasi, mabadiliko ya mahali pa kugonga yadi 600 hayafiki inchi moja. Mlengaji anayekesha akipima uzito huku akiacha urefu wa mbinuko anapoteza usiku wake.

Urefu unadhuru kwa njia mbili, na hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu ndipo penye hatari. Shina la kalibu ya kupachikia kichwa kwenye ganda haligusi kichwa pale kinapogusa mifuo. Linagusa karibu zaidi na ncha. Iwapo umbo la pua linabadilika kati ya sehemu hizo mbili, kalibu iliyofungwa mahali pamoja itatoa risasi zenye urefu tofauti. Tulipachika vichwa vya makundi yote kwenye maganda matupu, bila fataki na bila baruti, kalibu ikiwa imewekwa ili kundi fupi libaki na mruko, yaani nafasi tupu, wa inchi 0.010 kabla ya kugusa mifuo. Kundi refu lilitoka likiwa limesogea mbele kwa inchi 0.009. Mruko uliobaki ni inchi 0.001, ambao ni mdogo kuliko kosa la kawaida la kalipa: kichwa kimoja kitagusa, kingine hakitagusa. Zile inchi 0.005 zilizosalia zimeingia upande wa kitako, kichwa kikazama zaidi ndani ya ganda na kupunguza nafasi ya baruti.

Kichwa kinachogusa mifuo hupandisha shinikizo mwanzoni mwa mlipuko. Anayejaza kwa busara hushusha kipimo chake cha baruti kabla ya kukaribia mifuo, lakini anafanya hivyo kwa kujua. Hapa mlengaji amejaza kwa ajili ya mruko, na risasi nne katika kumi karibu hazina mruko. Aliyekuwa tayari karibu na ukomo wa kitabu cha vipimo vya baruti anavuka ukomo bila habari. Ataona fataki zimebapa na maganda yana alama ya kung'ang'ania, atalaumu baruti au joto la mchana, na atatafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Kuna la pili la usalama. Amri ya kusitisha ikitolewa huku risasi iko kwenye chemba, mlengaji anatakiwa afungue bolti na kuitoa. Ikiwa kichwa kimebanwa na mifuo, ganda linatoka peke yake, kichwa kinabaki ndani ya mtutu, na baruti yote inamwagika kwenye bolti na kwenye utaratibu wa kifyatulio. Mlengaji huyo hawezi kuendelea mpaka mtutu usukumwe kwa fimbo kutoka mdomoni, baruti ifutwe, na mtutu ukaguliwe. Akipuuza na kuingiza risasi nyingine nyuma ya kichwa kilichonasa, bunduki inaweza kupasuka usoni pake.

Kwenye usahihi, urefu tofauti wa sehemu inayobana mtutu na nafasi tofauti ya baruti hubadilisha kasi. Kichwa cha greini 80 kinachotoka kwa futi 2,700 kwa sekunde kikipata tofauti ya futi 30 tu, yadi 600 kitapanda au kushuka takriban inchi 2 hadi 3. Duara la X lina inchi 3 kutoka katikati hadi ukingoni. Umelenga sawa, umesoma upepo sawa, na alama imepotea juu au chini.

Lipo jambo jingine kwenye sanduku lenu. Mmeandika kwamba vichwa hivi vinalenga "chini ya nusu dakika ya pembe". Hamkusema ni kundi la risasi ngapi zilizopigwa kwenye shabaha, wala kwamba ni wastani au ni kundi zuri kuliko yote. Upana wa kundi hukua kwa idadi ya risasi: bunduki ileile, siku ileile, kundi la risasi 10 kwa wastani lina upana wa zaidi ya mara moja na nusu ya kundi la risasi 3. Nusu dakika ya risasi tatu ni kama 0.8 ya risasi kumi. Anayepiga 20 kwenye shindano hafaidiki na namba ya tatu. Tunaomba namba ya risasi kumi, wastani wa makundi kadhaa, pamoja na urefu wa mzunguko wa mtutu uliotumika (inchi ambazo mifuo hutumia kukamilisha mzunguko mmoja). Mtutu wenye mzunguko mmoja kwa inchi 8 unakizungusha kichwa hiki mara 243,000 kwa dakika kwa kasi tuliyoitaja, na hapo gamba la shaba lenye unene usio sawa pande zote linajionyesha waziwazi. Mtutu wa mzunguko mmoja kwa inchi 9 huenda usikitulize vizuri kichwa kirefu kama hiki, na hilo nalo lilipaswa kuandikwa, maana wanaoanza hununua kwa bei na uzito tu.

Kuhusu fedha. Sanduku la vichwa 500 tulilinunua kwa dola 110, senti 22 kwa kimoja. Vichwa 300 vya kundi moja ndivyo vinavyofaa yadi 600 kwa mpangilio mmoja wa kalibu, kwa hiyo kila kimoja kimegharimu karibu senti 37. Ni kweli vile 200 vingine havitupwi: aliye tayari kuvitenga, kuirekebisha kalibu ya kupachikia upya na kupata sifuri yake (mpangilio wa kulengea) tena anaweza kuvitumia. Lakini hiyo ni kazi ya kiwandani mliyomhamishia mnunuzi, na asiyekuwa na kifaa cha kulinganishia hatajua kamwe kwamba anahitaji kuifanya. Tungekubali kwa moyo mkunjufu vichwa vyenye madoa ya shaba au mikwaruzo ya nje, vikiuzwa kwa bei ya chini na vikiandikwa hivyo. Doa halimsumbui mtu yadi 600.

Mmekataa pia kurudishiwa masanduku kwa sababu yamefunguliwa. Hakuna njia ya kupima kichwa ndani ya sanduku lililofungwa. Kifungu cha 2-314 cha kanuni za biashara za Marekani kinataka bidhaa ilingane na ahadi iliyoandikwa kwenye kifungashio chake, na kifungashio chenu kinaahidi toleo moja.

Tunachodai ni hiki. Kwanza, mrudishe fedha za masanduku matatu, au mtupe badala yake vichwa vilivyotoka kwenye kalibu moja. Pili, mtoe tangazo kwa kila aliyenunua toleo hilo, likimwambia apime urefu hadi kwenye mbinuko kabla ya kujaza, na kama ameshajaza, apime kila risasi kamili na kuzitenga ndefu. Hili la pili haliwezi kungoja mzozo wa fedha uishe. Tatu, namba ya toleo ionyeshe kalibu, hata kwa herufi moja tu mwishoni. Kama kuchanganya hakuepukiki kwa bei hiyo, basi muandike "mchanganyiko" kwenye sanduku na muuze kwa wa yadi 200.

Wakati tukisubiri, tumewashauri wanachama wetu wasinunue sanduku la 500 kabla ya kufungua la 100 la toleo hilohilo. Wapime vichwa 30 vilivyochukuliwa juu, katikati na chini ya sanduku, wachore vipimo kwenye karatasi ya miraba, na wakiona vilele viwili wasijaze hata kimoja karibu na mifuo. Wenye haraka wameambiwa waache mruko wa inchi 0.030 au zaidi, ambapo tofauti ya 0.009 haiwezi kufikia mifuo, ingawa huko usahihi lazima utafutwe upya.

Vichwa vyote tulivyopima tumevitunza, kila kundi kwenye mfuko wake, na tutavituma kwa gharama yenu mkivihitaji. Tunaomba jibu la maandishi kutoka kwa idara ya ubora ndani ya siku 30.

Wenu,

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha wanunuzi.

Viambatisho: vipimo vya vichwa 300, mchoro wa vipimo, picha za namba ya toleo kwenye masanduku matatu, vipimo vya risasi tupu, stakabadhi, nakala ya Kiingereza.