Barua ya wazi kwa Waziri wa Sayansi: utafiti wa joto na utafiti wa tiba visitenganishwe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima ninakuandikia kuhusu namna wizara yako inavyogawa fedha za utafiti. Kwa utaratibu uliopo, ombi la ruzuku huingia ama katika dirisha la uhandisi ama katika dirisha la afya, na kila dirisha lina kamati yake, wapitiaji wake na vigezo vyake. Mimi ni mhandisi wa uhamishaji joto, na kazi yangu ninaifanya bega kwa bega na madaktari, kwa hiyo maombi yetu hayana pa kukaa. Kamati ya uhandisi hutuambia kwamba masuala ya wagonjwa hayaihusu, nayo kamati ya afya hutuambia kwamba haina mtu wa kukagua hesabu zetu. Ninaomba lifunguliwe dirisha moja la pamoja kwa ajili ya tiba zinazotumia joto na baridi, na ninaomba uniruhusu nieleze sababu kwa kirefu kidogo.

Tiba hizi ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Uvimbe wa saratani kwenye ini huunguzwa kwa mawimbi ya redio au ya mikrowevu yanayopitishwa kwenye sindano. Seli zinazoelekea kuwa saratani kwenye mlango wa kizazi hugandishwa au huunguzwa. Vidonda vya ngozi vya leishmania, vijidudu vinavyoenezwa na usubi, hupashwa moto hadi nyuzi 50 za Selsiasi kwa sekunde 30. Na watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa hupozwa mwili ili kuulinda ubongo. Katika zote hizo dawa yenyewe ni joto, au kuondolewa kwa joto, na kipimo cha dawa hiyo kina sehemu mbili zisizoachana: ni nyuzi ngapi, na kwa muda gani.

Hilo limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1947 watafiti Moritz na Henriques walionyesha kwamba ngozi iliyoshikwa kwenye nyuzi 44 huchukua saa kama sita kabla ya kuungua, ilhali kwenye nyuzi 60 huungua kwa sekunde chache tu. Mwaka 1984 watafiti wengine, Sapareto na Dewey, wakatoa kanuni ambayo hospitali na maabara huitumia mpaka leo: juu ya nyuzi 43, kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza kwa takriban nusu muda unaohitajika kuleta madhara yale yale kwenye seli. Dakika 60 kwenye nyuzi 43 ni sawa na dakika 30 kwenye nyuzi 44, na ni sawa na dakika 15 kwenye nyuzi 45. Maana yake, Mheshimiwa, kifaa kinachokosea kwa nyuzi mbili tu kimekosea kipimo cha dawa mara nne. Hakuna mfamasia ambaye angeruhusiwa kutoa vidonge vya namna hiyo, lakini vifaa vya joto tunavinunua na kuvitumia bila kumuuliza mtu ambaye kazi yake ni kujua joto linakwenda wapi.

Na ndani ya mwili joto halitulii. Mwaka 1948 mtafiti Harry Pennes alichapisha vipimo alivyochukua kwa kupitisha vipimajoto vyembamba ndani ya nyama ya mkono wa watu waliojitolea, kati ya kiwiko na kifundo, akaandika mlinganyo ambao bado ndio mwanzo wa kazi yetu. Alichokiongeza kwenye hesabu za kawaida za mpitisho wa joto ni damu: inaingia kwenye nyama ikiwa na joto lake, inatoka ikiwa na jingine, na njiani imeacha joto au imelibeba. Madaktari wanaounguza uvimbe wa ini wanalijua jambo hili kwa uchungu. Mshipa wenye upana wa milimita tatu au zaidi ukipita kando ya uvimbe, damu yake hubeba joto na kuiacha tabaka jembamba la seli za saratani likiwa hai upande ule ule wa mshipa, na ugonjwa hurudi kuanzia hapo. Kuongeza nguvu ya umeme si dawa, kwa sababu nyama iliyo jirani na sindano ikifika nyuzi 100 maji yake huchemka, nyama hukauka na kugeuka mkaa, na mkaa huo huzuia nishati isisambae. Kuna eneo finyu la kufanyia kazi, na eneo hilo hupatikana kwa hesabu na vipimo vinavyofanywa kabla mgonjwa hajalazwa kitandani.

Niruhusu nikae kidogo kwenye saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi ya kutenganisha taaluma hizi. Kwa miaka mingi njia iliyotumika ni kugandisha. Muuguzi huweka ncha ya chuma kwenye mlango wa kizazi, hufungulia gesi ya mtungi, hugandisha kwa dakika tatu, huacha barafu iyeyuke kwa dakika tano, kisha hugandisha tena dakika tatu. Ncha hupoa kwa sababu gesi iliyokuwa kwenye shinikizo kubwa hupanuka ghafla ndani yake. Mtungi unapokaribia kwisha, shinikizo hushuka na ncha haipoi inavyotakiwa, lakini utando mweupe wa barafu bado huonekana ukitoka nje ya ukingo wa chuma, na saa ya ukutani inaonyesha dakika tatu zimetimia. Muuguzi ana kila sababu ya kuamini kwamba kazi imekwisha. Ukingo ule wa barafu anaouona uko karibu na nyuzi 0, ilhali seli hazifi kwa uhakika mpaka zifikie baridi kali zaidi, kama nyuzi 20 chini ya sifuri, na baridi hiyo inatakiwa ifike milimita kadhaa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Mwanamke huyo huenda nyumbani akiwa na seli zile zile zilizomleta.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoruhusu njia ya kuunguza kwa ncha yenye joto la nyuzi 100 hivi, kwa sekunde 20 hadi 30 kila inapowekwa, kwa kifaa cha mkononi kinachoweza kutumia betri na kisichohitaji mtungi wa gesi. Ni hatua kubwa na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo maswali ni yale yale: ncha inabaki kwenye nyuzi 100 inapogusa nyama yenye maji na damu, au inashuka? Betri ikikaribia kwisha, kifaa hukataa kuwaka au huendelea na joto pungufu? Maswali haya hujibiwa kwenye maabara ndani ya siku chache, kwa jeli inayofanana na nyama na vipimajoto vilivyopangwa kwa kina tofauti, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya shehena ya vifaa.

Ushirikiano huu ukifanyika vizuri huzaa tiba rahisi ajabu. Bakteria wa kidonda cha Buruli, ugonjwa unaokula ngozi na nyama iliyo chini yake, hukua vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 33 na hudhoofika joto linapopita 37. Watafiti walichukua mifuko ya sodiamu asiteti, chumvi inayoyeyuka kwenye nyuzi 58 na kutoa joto polepole inapoganda tena, wakaweka matabaka ya kitambaa ili ngozi ipate nyuzi 40 tu, na mfuko ukipoa huchovywa kwenye maji ya moto ukatumika tena. Katika utafiti uliofanyika Kameruni na kuchapishwa mwaka 2016, wagonjwa wengi walipona kwa joto hilo. Leo tiba ya kwanza ya ugonjwa huo ni vidonge vya antibiotiki, na ni sawa iwe hivyo. Ninachotaka uone ni kwamba tiba ile isingebuniwa na daktari peke yake, wala na mhandisi peke yake.

Sitaki pia nikufiche upande wa pili. Kupoza vichanga hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72 kumeokoa watoto katika hospitali za nchi tajiri. Utafiti wa HELIX uliofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba katika hospitali hizo kupoza hakukupunguza vifo na ulemavu kwa pamoja, na vifo vyenyewe viliongezeka. Mashine zilishusha joto la mwili kama zilivyokusudiwa. Kwa hiyo mhandisi akiachiwa peke yake atatangaza mafanikio pale ambapo daktari anahesabu vifo, na ndiyo maana ninaomba dirisha la pamoja badala ya kuomba fedha zaidi ziende uhandisi.

Ombi langu, Mheshimiwa Waziri, ni kwamba wito ujao wa maombi ya ruzuku utenge fungu kwa ajili ya tiba za joto na baridi, na kila ombi liwe na kiongozi mmoja wa tiba na mmoja wa uhandisi wenye mamlaka sawa juu ya fedha. Kamati itakayoyapitia iwe na wataalamu wa pande zote mbili waliokaa meza moja. Na kabla wizara ya afya haijanunua kifaa chochote cha kuunguza, kugandisha au kupoza mwili, ripoti ya vipimo vya joto iliyofanywa na maabara huru iambatanishwe kwenye nyaraka za zabuni na iwekwe wazi kwa umma. Niko tayari kufika ofisini kwako pamoja na madaktari ninaofanya nao kazi, siku yoyote utakayopanga, tukiwa na rasimu ya vigezo hivyo mkononi.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
Mhandisi na mtafiti wa uhamishaji joto