Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Waarmenia wa Ughaibuni

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kwa hiyo sitazigusa ila pale ada itakapojitokeza. Mimi nawajibika kueleza tumesoma nini. Mada mliipigia kura wenyewe mwaka jana: Waarmenia waishio katika miji ya watu. Najua wapo waliouliza wakati ule inatuhusu nini. Wengi wao ndio waliozungumza sana kwenye kikao kilichohusu Addis Ababa, na nitafika huko.

Armenia yenyewe ina watu wapatao milioni 3. Walio nje wanakadiriwa kuwa zaidi ya mara mbili ya hao, na walio wengi wako Urusi, Marekani na Ufaransa. Tulianza tukidhani chanzo cha yote ni mwaka 1915, Dola ya Uthmaniya ilipoanza kuwaua Waarmenia na kuwaswaga kwa miguu hadi jangwa la Syria. Mauaji yale ya kimbari ndiyo yaliyowatawanya wengi, lakini ughaibuni wao una umri mrefu zaidi. Mwaka 1604 na 1605, Shah Abbas wa Kwanza wa Uajemi aliwahamisha kwa nguvu watu wa Julfa, mji uliokuwa kando ya mto Aras, akawapeleka Isfahan. Huko wakajenga Julfa Mpya, wakashika biashara ya hariri, na mawakala wao wakafika Venice, Amsterdam, Surat, Madras hadi Manila. Gazeti la kwanza kabisa la Kiarmenia, Azdarar, lilichapwa Madras mwaka 1794. Mhariri wake alikuwa padri.

Miji ya Asia tuliipitia haraka, pengine haraka kupita kiasi. Kolkata wana kanisa la mwaka 1724 na shule iliyofunguliwa mwaka 1821. Wafanyabiashara waliozijenga wamekwisha, na shule imebaki ikipokea watoto kutoka Iran na Armenia. Singapore nako jamii imebaki ya kuhesabika, ila Hoteli ya Raffles ilianzishwa na ndugu wa ukoo wa Sarkies mwaka 1887, na ua la taifa la nchi ile ni okidi yenye jina la Agnes Joaquim, mwanamke wa Kiarmenia aliyeiotesha bustanini kwake. Jiwe la kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa lao la mwaka 1835.

Kikao kirefu kuliko vyote kilikuwa cha Beirut, na sioni sababu ya kukiombea radhi. Wakimbizi walifika pale miaka ya 1920 wakakaa kwenye mahema na mabanda karibu na bandari. Kisha wakahamia ng'ambo ya mto, kwenye ardhi ya majimaji iitwayo Bourj Hammoud. Aliyetoka Marash alijiunga na chama cha watu wa Marash, wa Sis na wa Adana hivyo hivyo. Vyama hivyo vilichangisha, vikanunua ardhi, vikagawa viwanja, vikajenga kanisa na shule, na mtaa ukapewa jina la mji walikotoka: Marash Mpya, Sis Mpya, Adana Mpya. Sisi tuliokulia kwenye vyama vya kufa na kuzikana tulielewa mara moja, hata daftari la michango tuliliona kichwani. Leo vichochoro ni vyembamba, nyaya za umeme zimetanda juu kutoka roshani hadi roshani, na chini kuna masonara, mafundi viatu na maduka ya soseji za viungo, sujuk. Mlipuko wa bandari wa tarehe 4 Agosti 2020 uliwaumiza vibaya, kwa kuwa wako jirani nao.

Msije mkadhani walikuwa wanapendana muda wote. Ugomvi wao wa vyama vya siasa uliingia hadi madhabahuni. Tarehe 24 Desemba 1933, Askofu Mkuu Leon Tourian alichomwa kisu akiwa katika maandamano ya ibada, ndani ya kanisa lake jijini New York. Kanisa la Kiarmenia la Marekani likagawanyika pande mbili, moja likitazama Etchmiadzin, makao makuu ya kanisa nchini Armenia, jingine baadaye likaenda chini ya makao mengine ya kanisa, ya Antelias, Lebanon. Hadi leo miji mingi ya Marekani ina makanisa mawili ya Kiarmenia ambako moja lingetosha. Wanachama wa tawi letu linalotaka kujitenga kwa sababu ya ukumbi wa mikutano wasome taratibu muhtasari wa kikao tulichojadili ugomvi huo.

Sasa Addis Ababa. Mwaka 1924 Ras Tafari, aliyekuja kuwa Haile Selassie, alizuru Yerusalemu akawakuta vijana yatima wa Kiarmenia wakipiga matarumbeta. Aliwaomba kwa Patriaki, mkuu wa kanisa la Kiarmenia mjini humo, akawachukua 40 kwenda nao Ethiopia, na wakawa bendi yake rasmi. Mwalimu wao, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Ethiopia uliotumika hadi mapinduzi ya 1974. Baada ya mapinduzi mali zilitaifishwa na jamii ikapungua sana. Yatima wa vita wakafundisha dola la Kiafrika kupiga muziki wake wa heshima! Swali la "inatuhusu nini" halikuulizwa tena.

Glendale, kando ya Los Angeles, ambako Waarmenia ni sehemu kubwa ya wakazi, na Paris, ambako mpiganaji Missak Manouchian alizikwa Panthéon, jengo wanamozikwa mashujaa wa Ufaransa, Februari 2024, miaka 80 baada ya kupigwa risasi na Wajerumani, tulizijadili kikao kimoja. Hazikutendewa haki.

Mjadala mkali ulikuwa wa lugha. Kiarmenia cha Magharibi, kilichosemwa Beirut, Marseille na Boston, UNESCO ilikiorodhesha mwaka 2010 kuwa kimo hatarini, licha ya shule zote zile. Wanachama wetu walio Muscat na Minnesota walisema shule ya Jumamosi haitoshi ikiwa nyumbani mtoto anajibiwa kwa lugha nyingine. Wengine walipinga. Mimi niko upande wa Muscat.

Mambo ya ndani. Ada inachelewa, hasa ya walio nje, na tumeshindwa kununua vitabu viwili tulivyopanga. Kamati inapendekeza mada ya mwaka ujao iwe Wahadhrami, yaani Waarabu wenye asili ya Hadhramaut, Yemen, kutoka Mombasa na Lamu hadi Hyderabad na Surabaya. Wenye pendekezo lingine wamwandikie katibu kabla kura hazijaanza kupigwa.

Mwenyekiti