Shoga, mti usiukate chini

Muheza, 19 Julai

Shoga yangu,

Habari za Kibaha? Mama mkubwa mpe shikamoo yangu, na watoto wabusu. Sisi huku ni wazima. Mvua zimekata, machungwa yamejaa barabarani mpaka yanauzwa kwa kubembelezana, na magoti yangu yananisumbua kama kawaida yake.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Ya kwanza nilipiga kigelegele peke yangu jikoni: kiwanja umepata, umemaliza kulipa, bikoni zimewekwa. Ya pili ndipo nikasikia pale unaposema kijana wa chenso anakuja mwisho wa mwezi kuangusha miembe miwili na mwarobaini, na umemwambia akate usawa wa ardhi, "pawe peupe." Nikaweka kisu chini, mchicha ukabaki kwenye ungo. Ningekupigia simu, lakini nakujua: ungesema ndiyo, ndiyo, kisha ukasahau. Barua utaisoma kijana akiwa amesimama pale pale. Anakuletea mtoto wa dada, anapanda basi kesho alfajiri.

Mti unaotaka kuung'oa usiukate chini. Kama huna muda wa kusoma yote, shika hilo halafu urudi kwenye shughuli zako.

Kisa changu unakijua nusu. Ulipokuja msibani ulikuta mwembe wa nyuma bado umesimama, ndio tuliotandika mikeka chini yake. Desemba iliyofuata nikaukata, maana nilitaka kuongeza vyumba viwili na choo cha ndani. Kijana alifika saa mbili asubuhi na chenso yake, saa tano mwembe uko chini na matawi yanagombewa na wauza kuni. Nikamwambia ashushe msumeno mpaka kwenye majani, naye akashusha. Kikabaki kisahani cha mti, kipana, ukikifunika kwa ungo kingo zinatokeza. Nikasimama juu yake kama mtu aliyeshinda kesi.

Fundi akaja kupima msingi. Akavuta kamba yake, kamba ikapita katikati ya kisahani. Akaitazama, akaanza kuikunja. "Mama, hapa sijengi." Akanieleza kwamba kisiki ukikifukia chini ya msingi kitaoza, na kikioza kinaacha uwazi, ardhi inatitia, ukuta unapasuka. Na kabla hakijaoza, mchwa wanakihamia. Wakishakimaliza hawarudi kwao, wanapanda ukutani kutafuta kenchi. Nikamuuliza je, tukinyunyiza dawa ya mchwa kabla ya zege? Akasema dawa ni ya udongo, haitakula kisiki kwa niaba yangu.

Basi nikaanza kushauriwa. Mwanamke mwenye kisiki uani, shoga, hakosi washauri. Mmoja chumvi, mwingine oili chafu ya gari. Vyote viwili vinaua udongo kabla ya kuua kisiki, na mimi pale pembeni nina mchicha na matembele, nikakataa. Mwingine akasema nitoboe matundu kwa keekee, nijaze yuria, nimwagie maji na kufunika kwa samadi, niache kioze. Hiyo si uongo, inafanya kazi, ila ni ya mtu asiye na haraka. Mbao ngumu inahesabu miaka, na fundi wangu alikuwa anahesabu siku.

Nikachagua moto. Januari jua lilikuwa kali, nikaona huu ndio wakati. Nikaazima pipa lililokatwa chini na juu, nikalisimamisha juu ya kisiki, nikajaza mkaa na pumba, nikawasha. Siku mbili moshi ulitujaa mpaka majirani wakaacha kunisalimia. Nilipoondoa pipa, kisiki kilikuwa cheusi juu, basi. Ukikikwangua kidogo kwa panga, ndani kibichi, maji yanatoka. Mti uliokatwa mwezi jana hauchomeki, ungekauka kwanza miezi na miezi.

Lakini subiri. Siku ya nne nilikuwa nakwenda kuanika nguo, pekupeku, nikakanyaga mahali karibu na ukuta wa choo cha nje, nikaruka. Ardhi ilikuwa ya moto. Hakuna moshi, hakuna cheche, joto tu linapanda kwenye unyayo kama umekanyaga jiko lililozimwa sasa hivi. Kumbe upande mmoja kulikuwa na mzizi uliokufa zamani, mkavu, nao moto ukaufuata chini kwa chini kama utambi. Mgomba wangu uliokuwa pale ulikauka majani ya upande mmoja. Tulichimba, tukamwaga ndoo nane za maji ndipo pakapoa. Sasa fikiria ungekuwa umeelekea kwenye nguzo ya jikoni. Tangu siku hiyo sitaki kusikia habari ya kuchoma kisiki karibu na nyumba, hata anishauri nani.

Nikakiacha mpaka masika yapite. Udongo wetu mwekundu unaujua, kiangazi ni tofali, sululu inaruka inarudi usoni. Baada ya mvua unakatika kama jibini. Juni ndipo nikaletewa mzee mmoja kutoka upande wa Pongwe, mwembamba, ana shoka moja, sululu, mtaimbo na kopo la maziwa lililotobolewa pembeni na kutiwa mpini wa waya. Hilo kopo nitakuja kulisema.

Akakizunguka kisiki mara mbili, akauliza, "Nani alisema pakatwe hapa?"

"Mimi, baba."

"Umenikatia mpini."

Sikumwelewa. Akasimama wima, akaweka kiganja chake kifuani. Akasema mti ungeachwa gogo kimo hiki, kazi ilikuwa ya siku moja na nusu. Unachimba mfereji kuuzunguka, unakata mizizi ya pembeni mmoja mmoja, halafu unafunga kamba juu kabisa ya gogo, vijana wanne wanavuta, wanalegeza, wanavuta. Gogo lenyewe kwa urefu wake na uzito wake ndilo linaloukwanyua mzizi mkuu. Ukilikata, hakuna pa kushika, kilichobaki ni kuchimba kama kisima. Ndiyo maana hakutaka kulipwa kwa siku. Tulipatana kwa kisiki, na bei akaipandisha kwa sababu ya ujinga wangu, akanambia wazi.

Ilimchukua siku nne. Mimi nilikuwa napeleka chai nakaa pale pale namtazama, kazi zangu zimelala. Anachimba mpaka mzizi uonekane, mnene kama paja la mtoto. Hauangukii kwa shoka. Anachota maji kwa lile kopo, anaumwagia, anaupangusa kwa kiganja pande zote, anapitisha kidole chini yake kutafuta kokoto, anamwagia tena. Mzizi unang'aa kama umepakwa mafuta. Hapo ndipo anachukua shoka, na mapigo hayazidi kumi. Nikamuuliza kwa nini anauogesha. Akanipa shoka nilishike, makali yake yanakata unywele. "Mchanga ndio unaoua shoka, mti hauliui." Vijana niliowaita kabla yake walikuwa wanapiga mizizi na udongo wake, kila baada ya nusu saa wanakwenda kunoa, wanalaumu shoka. Halafu kila mzizi anaukata mara mbili, karibu na kisiki na tena hatua moja nje, anatoa kipande kizima. Akikata mara moja tu, anasema, ncha mbili zinabaki zinabanana na mtu hana pa kupitishia mtaimbo.

Siku ya pili jioni aliujaza maji ule mfereji, akaondoka. Asubuhi udongo wa chini ya kisiki ulikuwa uji.

Ajali ilitokea siku ya tatu, na si yake, ni yangu. Aliniuliza kama kuna bomba pale, nikasema hakuna, nilivyoambiwa na aliyeniuzia nyumba. Lilikuwepo. Mzizi ulikuwa umelikumbatia bomba la plastiki la jirani mpaka huwezi kuvitofautisha, vyote rangi moja ya udongo. Shoka likapita. Maji yakaruka mpaka kwenye kanga nilizoanika, na jirani akatoka na povu la sabuni kichwani. Nimelipa bomba, nimelipa fundi bomba, na bado ananiita Mama Kisiki. Kwa hiyo kabla hujachimba, ulizia mabomba na nyaya kwa watu wa mtaa waliokaa muda mrefu, usimuulize aliyekuuzia.

Siku ya nne, saa tisa, akaingiza mtaimbo chini, vijana wawili wakaulalia, kisiki kikalia. Sauti ya kukwanyuka, kama mlango wa zamani. Kikainama. Mzee hakusema kitu, akaenda kunawa.

Mnazi ule wa mbele niling'oa wiki hiyo hiyo, na huo ni mtu mwema. Hauna mzizi mkuu, una mizizi mingi myembamba kama vidole, unaikata kuzunguka na unatoka. Wala hauchipui tena, maana uhai wake uko kwenye kilele. Ila usiuache gogo wala kisiki chake kioze uani kama jirani wana minazi hai. Chonga, wale wadudu wa minazi, wanataga humo, mabuu wanakulia humo, wakipata mabawa wanapanda kutoboa makuti machanga.

Sasa mwarobaini wako. Huo ndio unaonipa wasiwasi kuliko miembe. Mwarobaini ukiukata bila kuung'oa hujaukata, umeupogoa. Wangu wa getini niliukata mwaka jana, wiki chache tu ukatoa machipukizi mengi kama nywele, nikayavunja, yakaja mengine, na mizizi nayo ikatoa vijana hatua tatu mbali. Hadi leo ninavunja. Kama utakiacha kisiki, basi siku hiyo hiyo, mara tu msumeno unapotoka, kipake dawa ya magugu aina ile inayopenya hadi mizizini. Upake duara la nje tu, chini ya gamba, kwa brashi, glavu mkononi. Ndiyo sehemu hai, katikati ni mbao tu. Ukingoja kesho, kidonda kimekauka, dawa hainywi. Lakini kama nyumba itapita hapo, ng'oa.

Shimo usilifukie kwa vipande vya mizizi na magamba kama nilivyotaka kufanya mimi kuokoa hela ya mchanga. Toa kila kipande. Jaza udongo kidogo kidogo, mwagia, shindilia, jaza tena. Msingi ukipita hapo mwambie fundi ashuke mpaka akute udongo ambao haujaguswa. Wangu alishuka mita moja na zaidi, akanung'unika, nikamlipa.

Kwa hiyo kijana wa chenso mwambie kifuani. Asipokuelewa, simama mbele yake uweke kiganja. Mzee nimemuuliza kama anaweza kufika Kibaha, anataka nauli, mahali pa kulala, na asipikiwe ugali usiku. Nijibu kabla ya Ijumaa.

Mtoto amebeba kiroba cha machungwa, ni yako. Mtaimbo uliozungushiwa gunia ni wangu, naomba urudi.

Shogayo