Kabla ya kuulaumu mtutu, utazame mti

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kisumu alilalamika katika ukurasa huu kwamba bunduki yake ya shabaha, ya aina ya komeo (chuma kinachovutwa kwa mkono kufunga na kufungua nyuma ya mtutu), imeanza kutawanya risasi, na kwamba ameshauriwa anunue mtutu mpya. Kwa kuwa nilifanya kazi ya ufundi wa silaha kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu hapa Njoro, naomba nafasi nimwambie asifungue mfuko wake bado. Mara nyingi chuma hakina kosa. Kilichogeuka ni kitako, na kwa neno hilo nakusudia mti wote unaobeba chuma, si kile kipande cha begani pekee.

Mti haufi ukishachongwa. Huendelea kunywa unyevu na kuutoa, na ukivimba huvimba zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hiyo bunduki iliyokaa vizuri Nakuru wakati wa kiangazi cha Januari yaweza kubanwa ubavuni ikihamia karibu na ziwa. Kipimo cha kwanza hakihitaji mtambo wowote. Bunduki ikishahakikishwa kuwa haina risasi na komeo limetolewa, fundi huweka kidole pale mtutu unapoagana na ncha ya mti, kisha huilegeza polepole skrubu ya nyuma inayoshika chuma kwenye mti. Kidole kikihisi mtutu unainuka au unazama, basi chuma kilikuwa kimepindwa kwa nguvu ya skrubu.

Mfugaji mmoja aliwahi kuniletea bunduki ya Mauser iliyokwisha kuhukumiwa hivyo hivyo katika karakana moja ya mjini. Nilipaka chuma masizi ya mshumaa, nikakirudisha kitini mwake, nikakaza, nikakiinua tena. Weusi ulishika sehemu mbili tu za mti: ukingo wa kushoto wa mfereji wa mtutu, na alama ndogo kama kucha nyuma ya skrubu ya mwisho. Pale ambapo jino nene la chini ya shina la mtutu hupaswa kuegemea, ambapo teke lote la bunduki hupokelewa, palikuwa peupe kabisa. Kila risasi ilipotoka, chuma kilikuwa kikitafuta upya mahali pa kulala.

Nilikwangua mfereji ili mtutu usiguse mti, nikachimba kidogo nyuma ya jino na kujaza epoksi, gundi inayoganda ngumu. Jino lenyewe nililibandika utepe mwembamba mbele, ubavuni na chini, ili baadaye liguse nyuma peke yake, na chuma chote kilichobaki nikakipaka nta. (Anayesahau nta ataunganisha chuma na mti ndoa isiyo na talaka, nimeiona, na iliishia kwa msumeno.) Baada ya siku nzima nilikitoa chuma, na mtutu ule ule uliohukumiwa ukarudi kukusanya risasi zake pamoja.

Hata hivyo, si kila bunduki inataka mtutu ulio huru. Lee-Enfield namba 4, bunduki ya kijeshi ya Kiingereza ya risasi za .303, ambayo wazee wengi wa Bonde la Ufa wanaijua, iliundwa ili mti wa mbele uusukume mtutu juu karibu na mdomo, na fundi anayeukwangua kwa nia njema huiharibu. Ile ya zamani zaidi, namba 1, ina mtego mwingine: mti wa mbele lazima utolewe kabla ya kufungua bolti ndefu inayoshika kipande cha begani, la sivyo bolti ikizunguka huupasua kwa ndani. Nimegundisha mipasuko ya namna hiyo mara nyingi kuliko nipendavyo kukumbuka.

Tangu uwindaji upigwe marufuku nchini mwaka 1977, kazi hizi zimepungua na mafundi wanaozijua wamezeeka. Wala simshauri msomaji aifanye mwenyewe jikoni. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka ukarabati ufanywe na aliyesajiliwa. Ila anayo haki ya kusimama kando ya meza na kumwambia fundi amwonyeshe masizi yalishika wapi, kabla hajalipia mtutu.

Fundi mstaafu,
Njoro, Nakuru