Mama asikandwe tena

Leeds, Jumapili usiku

Mdogo wangu Hamisi,

Wasalaam. Sisi huku hatujambo, baridi tu.

Ile video ya jana nimeitazama mara nne, koti la zamu sijavua. Unasema Mama analalamikia goti. Hebu itazame tena, achana na goti, angalia nyayo. Wa kushoto umelala nje kama mlango uliokatika bawaba, na kisigino hakifikii mwenzake. Mguu umefupika. Hiyo ni nyonga imevunjika, Hamisi. Maumivu ya nyonga hushuka hadi gotini, ndiyo maana yule mzee anayeunga mifupa kakanda goti siku tano bila nafuu.

Simdharau mzee. Nilipoanguka mwembeni ndiye aliyenifunga mkono, na ndio huu ninaoandikia. Lakini mkono ukiufunga vibanzi unatulia. Nyonga haifungiki: misuli ya paja ni minene, kila ikikaza inauvuta mfupa juu, na mishipa ya damu inayolisha kichwa cha mfupa inapita palepale kwenye shingo ya mfupa, chini tu ya kichwa hicho. Kuvuta na kukanda ni kuzidi kuharibu. Mpe mzee chai yake, mshukuru, aishie hapo.

Wodini kwetu alikuja bibi wa miaka 91, kateleza jikoni. Huku lengo ni ndani ya saa 36 mgonjwa awe ameshafanyiwa upasuaji, na kesho yake tunamwinua kitandani. Bibi wa watu alishika fremu ya kutembelea akilia, akatutukana sote, akapiga hatua mbili. Mwanzoni niliuona ukatili huu. Siku hizi najua wazee wengi hawauawi na mfupa, wanauawa na kulala: nimonia, damu kuganda miguuni, vidonda vya makalio. Mama yuko chali siku tano! Leo hii mgeuzeni, watu wawili, mto katikati ya miguu, mmtazame makalio na visigino.

Kesho alfajiri mpelekeni hospitali ya Bombo. Azima Noah ya jirani, alazwe nyuma; bajaji usiitaje. Mpe Panadol. Zile diklofenaki za dukani hapana, ana presha na figo zake si za msichana. Apigwe picha ya eksirei, nyonga na paja. Picha ikionekana safi na bado hawezi kukanyaga, msirudi nyumbani, ombeni CT scan, maana ufa mwembamba hujificha. Muulize daktari: imevunjika shingoni au chini yake? Chini huwekewa chuma. Shingoni, kwa umri wake, mara nyingi hubadilishwa kichwa cha mfupa. Wakimpa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, nendeni. Fedha nimetuma kwa shemeji, laini yako inagoma.

Shangazi naye na mgongo wake. Muulize bila aibu: mkojo unamtoka au unagoma? Anahisi ganzi mapajani kwa ndani? Miguu inakosa nguvu? Homa za usiku, kukonda? Kifua kikuu hukaa hata kwenye uti wa mgongo. Likiwepo lolote kati ya hayo, apande gari hilohilo. La sivyo aache kushinda mkekani, atembee.

Nipigie mkifika mapokezi. Nitakuwa zamu, lakini simu itakuwa mfukoni. Na umbebee Mama khanga safi, doti mbili. Unamjua, hatakubali kutolewa nje hana cha kujifunika.

Dada yako